Thelathini Haipiti

Lango la mbele lilikuwa limefungwa kwa matengenezo, mlinzi akawaelekeza wazunguke nyuma, na ndivyo Sindano alivyoingia hospitalini kwa njia ambayo hakuwahi kuipita. Pikapu ilipenya kati ya kamba za kuanikia mashuka, ikakwepa rundo la vitanda vyenye kutu, ikapita pembeni ya jenereta kubwa la kijani lililofungiwa ndani ya kizimba cha wavu kama mnyama aliyekamatwa. Ukuta wa nyuma ulikuwa mweupe, isipokuwa pale bomba la moshi lilipoelekea. Pale palikuwa peusi tititi.

"Hili limewashwa juzijuzi," dereva alisema. "Masizi hayo hayajapigwa na mvua bado."

Sindano alikuwa anauma meno. Alikuwa hajajibu neno tangu watoke ofisini. Dereva, mzee ambaye mafundi walimwita Breki kwa sababu alikanyaga breki hata akiona kivuli cha njiwa barabarani, alikuwa ameongea peke yake safari nzima: bei ya matairi, mkwe wake asiyependa kufanya kazi, jino lake.

"Mwanangu," alisema akizima gari, "ukiendelea kuuma meno hivyo, utayamaliza kabla yangu."

"Mzee, niache."

"Nimekuacha. Nipo hapahapa."

Sindano alikuwa fundi wa mtandao, na jina hilo alilipata kwa wembamba wake: aliingia darini na nyuma ya makabati ambako wenzake walikwama mabega. Alikuwa na miaka thelathini na nne, na sita kati ya hiyo ameila kwa mikataba ya miezi mitatu mitatu. Barua yake ya ajira ya kudumu ilikuwa ndani ya droo ya bosi, imeshachapwa, imekosa saini tu. Asubuhi ya leo bosi alifungua droo, akamwonyesha barua, kisha akaifunga tena kwa goti.

"Kazi uliyoifanya hospitalini wiki mbili zilizopita imekufa," alisema. "Tangu Jumatatu matokeo ya maabara hayafiki wodini. Wanasema umewaachia kazi nusu."

"Si kweli."

"Sijakuuliza. Nenda kairekebishe, uniletee karatasi yenye saini yao inayosema kosa ni la nani. Likiwa lako, barua hii naichana."

Vitisho alikuwa amevizoea. Kilichomkereketa ni yale maneno mawili, sijakuuliza, yaliyotamkwa na mtu anayejua kwamba katika miaka sita hakuna mteja aliyewahi kumrudisha Sindano mara ya pili. Aliyabeba njiani kote kama kokoto ndani ya kiatu.

*

Kwenye ngazi za jengo jipya alikutana na mwanamke wa makamo aliyevaa koti jeupe, anashuka kwa ubavu akishikilia reli, goti moja limefungwa bendeji. Mkononi alikuwa na bahasha tupu.

"Wewe ndiye mtu wa waya?"

"Ndimi, mama."

"Afadhali. Miguu yangu inakutafuta."

Huyu ndiye aliyesimamia maabara, na hospitali nzima ilimwita Mama Maabara. Kila tokeo la damu lililotakiwa kuruka lenyewe hadi kwenye skrini ya wodi sasa lilipanda kwa miguu yake, kwa sababu wasaidizi wake wawili hawakuweza kuacha mashine.

"Kutoka kwangu hadi wodini ni vidato hamsini na nane," alisema. "Navihesabu. Nikiacha kuhesabu natukana, na hapa kuna wagonjwa."

"Leo vinaisha."

"Mwenzako naye aliniambia hivyo Jumanne."

Mwenzake aliyesemwa alikuwa anakuja kwenye ukumbi, na aliwasili sauti kwanza, umbo baadaye, kwa sababu ya funguo. Msimamizi wa kompyuta wa hospitali alivaa kiunoni pete ya funguo kubwa kama bangili, na hakuna mlango uliofunguka bila yeye. Watu walimwita Bwana Funguo, naye alilipenda jina.

"Dada, karibu tena," alisema. "Umerudi kumalizia?"

"Nilimaliza."

"Basi mtandao wetu ndio umekosea. Sikiliza. Barua pepe zinaingia, ofisi ya mkurugenzi inafanya kazi, mapokezi yanafanya kazi. Kilichokufa ni kile ulichokigusa wewe peke yake. Hata mtoto wa shule atakupa jibu."

"Nifungulie mlango."

"Nina kikao cha dakika tano."

Kikao kilichukua dakika arobaini. Sindano alisimama mbele ya mlango wa chumba kidogo kilicho chini ya ngazi, mkoba wa vifaa begani, akisoma tangazo la kunawa mikono hadi akalijua kwa moyo. Mama Maabara alipanda mara mbili na kushuka mara mbili. Mara ya pili hawakutazamana.

Vyumba vya swichi vina harufu moja katika miji yote duniani: vumbi lililopashwa moto na plastiki. Hiki kilikuwa na nyongeza ya ndoo na mafagio. Swichi ya jengo jipya, kile kisanduku kinachounganisha kompyuta zote za jengo, ilikaa ukutani juu ya mafagio hayo, taa zake zikipepesa kijani, na kutoka ubavuni mwake kebo moja nyembamba ya faiba ilizama sakafuni, ikapita chini ya uwanja wa mashuka hadi kwenye swichi mwenzake katika jengo la zamani, jirani na maabara.

Ndani ya kebo hiyo moja yalipita mazungumzo ya makundi mawili yasiyotakiwa kusikilizana: ya ofisi, yaliyopewa namba kumi, na ya maabara, yaliyopewa namba thelathini, ili karani wa mapokezi asijikute anasoma damu ya jirani yake. Makundi hayo mafundi huyaita vilani. Kila ujumbe hubeba namba yake kifuani, na katika kila ncha ya kebo kuna mlango wenye orodha. Namba iliyomo hupita. Isiyomo hutupwa kimyakimya, bila taarifa kwa aliyeituma wala anayeisubiri. Kazi yake wiki mbili zilizopita ilikuwa hiyo tu: kuandika thelathini kwenye orodha mbili.

Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akachomeka laptopu yake. Aliita swichi ya jengo la zamani kwa njia ya namba kumi, ikaitika mara moja. Kwa hiyo kebo ilikuwa nzima. Aliiita mashine ya maabara kwa njia ya namba thelathini. Kimya. Akaita tena. Kimya.

"Basi ni kebo," Bwana Funguo alisema kutoka mlangoni.

"Kebo ingekufa, ofisi zingekufa pia. Zinapita humohumo."

"Labda imekufa upande mmoja."

Sindano alimgeukia, akamtazama kuanzia utosini hadi kwenye viatu, kisha akairudia skrini yake. Akafungua orodha ya mlango wa upande huu. Kumi, thelathini. Zote mbili zimo, kama alivyoziacha.

Joto likampanda kifuani, na safari hii lilikuwa tamu. Aligeuza laptopu ili na yule mtu wa funguo aione.

"Soma mwenyewe. Upande huu uko vilevile. Sasa nifungulie kule."

*

Walivuka uwanja katikati ya mashuka. Sindano alitangulia, ingawa mwenye funguo alikuwa nyuma. Mama Maabara aliwaona dirishani, akaacha alichokuwa anakifanya na kuwafuata hadi mlangoni mwa kile chumba, akaegemea fremu kupumzisha goti.

Katika swichi hii ya pili Sindano hakukaa. Alifungua orodha akiwa amesimama, laptopu juu ya mkono kama sinia.

Kumi.

Hakukuwa na thelathini. Alipitisha kidole kwenye skrini, akarudia amri ile. Kumi.

"Nani amegusa hii?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Amegusa nini?"

"Niliandika thelathini hapa. Nikaijaribu, ikapita, msaidizi wa mama huyu akaona tokeo la kwanza likifika wodini kwa macho yake. Leo haipo. Namba haziondoki zenyewe kwenda kunywa chai. Chumba hiki kina ufunguo mmoja, nao unaning'inia kiunoni kwako."

"Angalia maneno yako, binti."

"Nimeyaangalia tangu saa tatu asubuhi. Umeniweka mlangoni dakika arobaini kama mwombaji. Umemwandikia bosi wangu kwamba nimeacha kazi nusu. Umemwacha mama wa watu apande ngazi na goti bovu. Na wakati wote huo ulijua umeingia humu ukachezea usichokijua."

Sauti yake sasa ilifika ukumbini. Mfanyausafi alisimamisha deki. Watu wawili waliokuwa kwenye benchi la kusubiria walisogea mwisho wa benchi, upande wa kusikia vizuri.

Bwana Funguo alikuwa amebadilika rangi. "Mimi sijaigusa," alisema. "Ningeigusaje? Hata neno la siri sinalo. Unalo wewe. Uliliweka ukasema utaniletea kwenye bahasha, hujaniletea mpaka leo."

Hilo lilikuwa kweli. Bahasha ilikuwa ndani ya mkoba, imebandikwa, na alikuwa hajaitoa kwa sababu alikuwa hajapata mtu wa kuisainia. Alifungua mdomo ajibu, akiwa tayari ameshika jibu kali, na ndipo jicho lake likaangukia kwenye mstari wa juu wa skrini, ule ambao swichi hutaja muda iliokaa macho tangu ilipowashwa.

Siku mbili, saa ishirini, dakika arobaini.

Alitazama saa yake. Ilikuwa saa tano kasoro dakika ishirini, Alhamisi. Alihesabu kurudi nyuma, akafika Jumatatu, saa nane kamili mchana.

"Jumatatu saa nane," alisema taratibu, "kulitokea nini hapa?"

"Hakuna," alisema Bwana Funguo.

"Walijaribu jenereta," alisema Mama Maabara. "Umeme ulikatika dakika moja hivi. Mashine zangu hazikuzimika, zina betri zake. Huku ukumbini giza."

Sindano aliinama chini ya kabati. Betri ya akiba ya swichi ilikuwepo, imevimba tumboni, taa yake imekufa. Aliibonyeza. Haikutoa hata mlio. Swichi ilizimika, basi, ikaamka. Na swichi ikiamka hukumbuka kile tu ilichoandikiwa.

Hapo alijua kilichobaki.

Swichi ina kumbukumbu mbili. Ya kwanza ni ya kile inachokifanya sasa hivi. Ya pili ni ya kilichohifadhiwa, na bila kuiamuru ihifadhi, yote ya kwanza hupotea na umeme. Fundi mzee wa simu aliyemfundisha kazi alikuwa na utaratibu wake, na Sindano aliufuata kama sala: badilisha, jaribu, kisha subiri nusu saa kabla ya kuhifadhi. Ukikosea ukajifungia nje, unachomoa umeme, swichi inaamka na akili zake za zamani. Jengo jipya alilisubiria nusu saa yake, akahifadhi. Akavuka kuja huku, akabadilisha, akajaribu, akaanza kusubiri. Dakika ya kumi na tano Bwana Funguo akaingia mbiombio: wageni wa kukata utepe wa jengo jipya wako langoni, mkurugenzi hataki kuona waya wala ngazi ukumbini, toka.

"Nimebakiza dakika kumi na tano," alimwambia siku ile.

"Si inafanya kazi? Basi imeisha."

Mlango ukafungwa. Fomu ya kukamilisha kazi aliisaini nje, juu ya boneti ya pikapu, Breki akiwa ameshawasha gari kwa sababu mteja mwingine alikuwa anapiga simu. Fomu ilikuwa na kisanduku kilichoandikwa: mabadiliko yamehifadhiwa. Alikitia alama. Alimpigia Bwana Funguo mara mbili njiani ili amfungulie kesho yake, hakupokea. Baada ya hapo zikaja kazi nyingine, akasahau.

Alama ile ilikuwa ya mkono wake, hakukuwa na wa kusingizia.

Aliandika amri. Thelathini ikaingia kwenye orodha. Aliita mashine ya wodini, ikaitika. Kutoka maabara, msaidizi akapaza sauti kwamba yameanza kwenda, yote ya tangu asubuhi, kwa mpigo.

Safari hii hakusubiri nusu saa wala nusu dakika. Alihifadhi. Kisha, wote wakiwa wanatazama, akachomoa waya wa umeme wa swichi, akahesabu hadi kumi, akaurudisha, na wakasimama dakika nne hadi taa zilipotulia. Alifungua orodha. Kumi, thelathini.

"Bwana," alisema, bado anatazama skrini. "Hukugusa. Nimekusingizia mbele za watu."

"Na wamesikia," alisema Bwana Funguo.

"Wamesikia. Na hiki nakisema wasikie pia."

*

Karatasi waliiandikia kwenye meza ya maabara, kati ya vichupa vya damu. Bwana Funguo aliuegesha mlango kwanza. Sauti yake ilikuwa imelainika kama mtu anayeuza kitu.

"Tuandike hitilafu ya umeme," alisema. "Ndiyo kweli, si ndiyo? Umeme ulikatika, mtandao ukapotea, fundi amekuja, umerudi. Nasaini sasa hivi. Wewe unarudi kwa bosi wako safi, mimi naendelea na kazi zangu. Hakuna aliyeumia."

Sindano alishika kalamu. Aliiona droo ya bosi ikifunguka, akaiona saini. Hitilafu ya umeme. Maneno matatu, na hakuna hata moja la uongo.

"Na ile betri iliyovimba?" aliuliza Mama Maabara kutoka kwenye kiti chake.

"Tutaomba nyingine kwenye bajeti ijayo, mama."

"Uliniambia hivyo na mwaka jana. Mimi nilikuja mwenyewe kukwambia inanuka."

Damu ilimchemka Sindano upya, na hakujua tena inamchemkia nani: huyu aliyemtoa chumbani kwa ajili ya utepe na sasa anamnunua kwa betri iliyokufa, yule wa droo, au yeye mwenyewe, fundi wa miaka sita aliyetia alama kwenye kisanduku bila kufanya kilichoandikwa. Akaandika kwa nguvu hadi kalamu ikatoboa karatasi mahali pawili. Betri ya akiba imekufa, taarifa ilitolewa mwaka jana. Jumatatu saa nane jenereta lilijaribiwa bila mafundi wa mtandao kujulishwa, swichi ikazimika. Mabadiliko ya namba thelathini yalikuwa hayajahifadhiwa. Niliondolewa chumbani kabla ya kumaliza, lakini nilisaini kwamba nimemaliza. Hilo ni kosa langu.

Aliisoma kwa sauti, akatengeneza nakala yake, akamsogezea Bwana Funguo.

"Siwezi kusaini hii," alisema Bwana Funguo.

"Kwa nini? Lipi la uongo?"

"Hakuna aliyesema uongo. Nimesema sisaini."

Mama Maabara alivuta karatasi zote mbili, akasaini chini ya neno mtumiaji, akagonga muhuri wa maabara kwa kishindo kilichotikisa vichupa. Moja akampa Sindano. Sindano alitoa ile bahasha ya neno la siri mkobani, akaiweka mkononi mwake.

"Nilitakiwa kumpa mtu wa hospitali aliyesaini," alisema. "Wewe umesaini, mama."

Bosi alimpigia akiwa uwanjani, kati ya mashuka, asisubiri hata arudi. Sindano alimsomea karatasi neno kwa neno.

"Mtu mwenyewe alikupa kisingizio cha umeme," bosi alisema. "Kanipigia sasa hivi kunilalamikia. Alikupa umeme, ukakataa."

"Nilikataa."

"Kwa hiyo unataka nini kwangu? Nikupongeze?"

"Nilitaka uniulize asubuhi. Basi."

"Vifaa viache kwa mlinzi wa ofisi," alisema bosi. "Na laptopu." Akakata.

Breki alikuwa ameegemea mlango wa pikapu, na sura yake ilionyesha kwamba masikio yake bado ni mazima kuliko meno. Hakusema kitu cha matairi wala cha mkwe. Alimpokea mkoba, akauweka katikati ya kiti, akamfungulia mlango, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa mtu.

"Usinionee huruma, mzee," alisema Sindano. "Nina hasira, sina msiba."

"Nimeona. Ndiyo maana nimekupisha."

Pikapu ilirudi nyuma, ikagusa breki mbele ya kila shuka, ikapita jenereta, ikatoka.

Kwenye mlango wa maabara Mama Maabara aliitazama hadi ilipopotea, kisha akarudi kukaa, na safari hii akaunyoosha mguu juu ya kiti cha pili. Skrini iliyo mbele yake ilionyesha matokeo yakienda moja moja wodini. Hakuinuka.

Haikupita nusu saa zikasikika funguo.

"Mama, ile bahasha," alisema Bwana Funguo. "Mkurugenzi anataka kuongezewa kompyuta moja. Nahitaji lile neno la siri."

"Lipo." Alivuta droo, akaonyesha bahasha, na kando yake ile karatasi yenye mashimo mawili ya kalamu. "Amesema apewe aliyesaini."

Bwana Funguo aliitazama karatasi, akaitazama bahasha. Mfukoni mwa shati lake zilichungulia kalamu tatu.

"Ngoja nikatafute kalamu," alisema.

"Katafute," alisema Mama Maabara. "Mimi leo sina pa kwenda."